Chumvi ya Kwa Fatuma

Siku Emile aliposukuma pembeni sahani ya samaki wa Nyangwe, Victorine alijua ana mke mwenza. Hakuambiwa na mtu. Samaki yule alikuwa mnene, ametoka mtoni asubuhi hiyohiyo, amepikwa kwa mawese na pilipili, na Emile alikuwa mtu wa kufyonza hata mifupa ya kichwa. Mwanamume wa namna hiyo akisema ameshiba na jua bado liko juu, kuna sufuria nyingine inayochemka kwa ajili yake mahali fulani.

"Baba Elsa, uko na ugonjwa?"

"Apana. Sina tu njaa."

"Na njaa yako uliipeleka wapi?"

Emile alinawa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu. "Ni mambo ya kazi, mama Elsa. Acha."

Mambo ya kazi! Victorine alikuwa akilishwa maneno hayo tangu hakimu mpya alipofika. Emile alikuwa msaidizi wa jamii katika mahakama ya watoto ya Kasongo. Mtoto akishtakiwa, yeye ndiye aliyetumwa kwao kuangalia anavyoishi, analala wapi, anamsikiliza nani, kisha anamwandikia hakimu ripoti: mtoto huyu abaki kwa wazazi, au yule apelekwe mbali, kwenye nyumba ya kurekebisha watoto. Zamani akirudi alikuwa akisimulia, na Victorine anasikitika pamoja naye huku anachambua mchele. Lakini hakimu mpya, Madame Laura, ambaye mji mzima ulimwita Mama Juge, aliwakusanya wafanyakazi wote, toka karani mpaka mlinzi, akawapa makatazo mawili. La kwanza, habari za mtoto zisitoke nje ya ofisi, hata kwa mume, hata kwa mke. La pili, yeyote anayeshika kesi ya mtoto asile wala asinywe kitu kwa wazazi wake.

Katazo la kwanza Victorine alilijua vizuri, maana ndilo lililomfungia mumewe mdomo. La pili Emile hakuwahi kumtajia. Na hapo ndipo matata yote yalipozaliwa.

Emile alipokwenda kuoga, Victorine aliliokota shati lake. Akalinusa kwapani, akalinusa kolani. Lilinuka ubani. Nyumbani kwao hawakufukiza ubani, na padri huufukiza siku za sikukuu tu. Victorine alikaa juu ya kitanda na lile shati mapajani.

Elsa, binti yao, alichungulia mlangoni. "Mama, papa amekataa samaki, nani atakula?"

"Kula weye," alisema Victorine. "Papa yako anakula kwengine."

*

Penye wivu hapakosi jirani. Wa Victorine aliitwa Naomie, mwanamke mwenye roho nzuri na macho yasiyopumzika.

"Miye sisemi kitu," alisema Naomie, huku ungo wake wa mchele unaruka juu na kushuka. "Miye niliona tu kinga."

"Kinga gani?" Baiskeli mjini zilikuwa nyingi.

"Ya bwana yako. Ile ya kiti chekundu. Iliegemea ukuta nyuma ya muskiti, kwa Fatuma, ule mwenye kukaanga mikate. Si siku moja, mama Elsa. Na miye sisemi kitu."

Fatuma! Mumewe Atumani alikwenda kuchimba dhahabu ng'ambo ya Kabambare, na tangu aondoke hakuna aliyesikia hata kikohozi chake. Mwanamke asiye na mume nyumbani, anayejua kukaanga, tena wa upande ule wa mji! Wenzake Victorine wa kanisani walikuwa wakisema kwamba wanawake wa nyuma ya msikiti hufundishwa na bibi zao namna ya kumshika mwanamume, wakamtilia ubani chini ya kitanda mpaka akasahau kwao. Victorine alilelewa na masista, na masista walimfundisha kusali na kufuma vitambaa vya meza.

Kesho yake alivaa kitenge chake cha Pasaka, akajipaka mafuta, akaenda kununua mikate ambayo hakuihitaji. Alitumaini kukuta mwanamke mbaya ili acheke, au mzuri kupita kiasi ili alie na yaishe. Alikuta mwanamke wa kawaida, mrefu, mwenye sauti tamu, na hilo lilimuuma zaidi.

Fatuma alimtazama, uso ukamfunguka. "Weye si mama Elsa? Bibi ya monsieur Emile?"

"Ni miye."

"Mungu akubariki, mama. Bwana yako ni mutu! Wakubwa wengine wakifika kwetu wanasimama inje, wanaziba pua. Yeye anaikala chini kwa mukeka, anakula na siye. Kwetu hakatai kitu." Alichukua mkate mmoja zaidi, wa moto, akauweka juu ya mingine. "Hii ya juu ni yako. Umusalimie."

Kwetu hakatai kitu! Wanawake wawili waliokuwa wakingoja mikate walitazamana. Victorine aliona walivyotazamana. Alisema asante, akatembea kwa heshima mpaka pembe ya msikiti, na alipopita pembe nusura akimbie. Mikate yote aliwatupia mbuzi wa Naomie, nao wakala bila swali.

*

Mama Juge alikuwa na desturi ambayo Kasongo haikuizoea. Jumatano alifungua mlango wake kwa yeyote mwenye lalamiko juu ya watu wa mahakama yake, na siku hiyo hata karani hakuruhusiwa kukaa ndani. Aliyeombwa rushwa aliingia. Aliyetukanwa na mlinzi aliingia. Jumatano hiyo Victorine naye aliingia, na kitenge chake kilekile cha Pasaka.

"Bon, mama. Sema."

"Mama Juge, bwana yangu anakula kwa mwanamuke mwengine."

Hakimu alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka. "Pole, mama. Lakini mambo ya ndoa haiko ya hapa. Bwana yako ni nani?"

"Emile. Wa hapa kwenu. Na yule mwanamuke ni Fatuma wa mikate, nyuma ya muskiti."

Tabasamu likaisha. "Fatuma, mama ya Soraya?"

Victorine hakujua Soraya ni nani. Lakini aliona uso wa hakimu ulivyobadilika, akajisemea moyoni: nimepata dada. Naye ni mwanamke, naye anajua uchungu huu. "Huyohuyo," alisema.

"Anakula kabisa? Chakula?"

"Chakula, Mama Juge! Anaikala kwa mukeka. Kwangu akifika hagusi kitu. Samaki ya Nyangwe alikataa!"

"Uliona weye mwenyewe?"

"Fatuma mwenyewe aliniambia, kwa mudomo yake, mbele ya watu."

Hakimu aliandika, akamsomea, akamuuliza kama ni hivyo. Victorine alisema ni hivyo hasa, akatia sahihi kwa mkono mzito wa mtu aliyepata haki yake. Ilimshangaza kidogo kwamba hakimu hakuuliza hata neno moja la mapenzi. Aliuliza tonge, siku, mkeka. Lakini watu waliosoma wana njia zao, alijiambia, akarudi nyumbani akitembea kama mama wa bibi harusi.

*

Waliitwa wote pamoja. Emile alisimama karibu na dirisha, Fatuma karibu na mlango, na Victorine alipewa kiti, jambo lililompendeza mpaka alipoona macho ya mumewe. Emile hakuwa akijua ni nani aliyelalamika. Sasa alijua. Karani, Hervé, kijana mwenye tai, alikuwa tayari na kalamu.

"Monsieur Emile," alisema hakimu, "ulikula kwa mama huyu?"

"Nilikula."

"Na katazo ulilijua?"

"Nililijua."

Victorine aligeuza kichwa. Katazo? Katazo gani la kula?

"Basi, ulikula juu ya nini?"

Emile aligeukia dirisha. Fatuma ndiye aliyejibu, na sauti yake tamu ilikuwa imekauka. "Mama Juge, mara ya kwanza alikataa. Mama yangu muzee ni mugonjwa, analala palepale sebuleni. Alipoona amekataa, akageukia ukuta. Akasema, mutu anayekataa chumvi yetu amekwisha kutuhukumu. Na Soraya akanyamaza. Monsieur Emile akamuuliza hivi, akamuuliza vile, mutoto kimya. Siku alipokula, ndiyo Soraya alifungua kinywa, akaeleza yote ya kisimani. Juu ya nini alimupiga mwenzake na bidoni ya maji, na yule mwenzake alimwambia nini juu ya baba yake."

"Ninasikia," alisema hakimu. "Na baba ya yule binti aliyevunjika meno, akisikia kwamba mutu wa mahakama yangu anakula kwenu, atasema nini? Atasema mulimununua kwa sahani. Na miye nitamujibu nini?"

Alisema kweli. Hata Emile alitikisa kichwa kukubali.

Basi hakimu akakata. Ripoti ya Emile haitasomwa mahakamani. Emile ataondoka Kasongo, ataenda Kabambare, ambako kesi za watoto zimelala bila mtu wa kuzifuata, na atakaa huko mpaka atakapoitwa. Kesi ya Soraya itapewa mtu mwingine, aanze upya.

"Na mutoto wangu?" aliuliza Fatuma.

"Baba ya yule binti anaomba Soraya apelekwe mbali. Ripoti iliyosema abaki kwako," hakimu alifunga kalamu yake, "haiko tena."

Hapo ndipo Victorine alipoelewa. Alikuja kumshtaki mwanamke, kumbe amemshtaki mumewe, na nyuma ya mumewe alikuwapo mtoto wa watu ambaye hata uso wake hakuujua. Kiti alichopewa kikawa cha moto.

Nje, chini ya baraza, alimngoja Fatuma amtukane. Alitaka sana atukanwe. Fatuma alijifunga mtandio, akamtazama kidogo.

"Ungekuja kwangu kwanza," alisema, akashika njia yake.

*

Kabla jua halijatua, Kasongo ilikuwa imemaliza kusimulia. Wanawake sokoni walimpa Victorine jina, Mama Wivu, na hawakumficha. "Mama Wivu, karibu mboga! Mama Wivu, bwana amekula leo?" Hata Naomie, ambaye hakusema kitu, alicheka akiwa ameinamia ungo wake.

Nyumbani Emile alikuwa akipanga nguo zake kwenye begi. Barabara ya Kabambare haina huruma, na mwenye pikipiki alimwambia asubiri matope yakauke kidogo. Kwa hiyo walikuwa na siku za kukaa pamoja bila kutazamana.

Tena, ajabu ya wivu! Mtu angedhani umekwisha kwa aibu ile. Haukuisha. Victorine alijuta juu ya Soraya, alijuta juu ya kazi, lakini katikati ya majuto lile donge lilibaki palepale. Alikula. Kwake alikataa, kule alikula.

"Alikupa nini?" aliuliza mwishowe. "Niambie tu. Alikupa nini ambacho miye sikupikii?"

"Sombe."

"Sombe na nini?"

Emile aliacha kukunja suruali. "Sombe, Victorine."

Alimwita Victorine, si mama Elsa. Alimwita hivyo alipomposa, na siku alipomzika mama yake. Lakini Victorine hakuamini. Hakuna mwanamume anayekataa samaki kwa ajili ya majani ya muhogo. Kama mumewe hasemi, sufuria itasema.

Kesho yake alingoja saa ya chakula, akaenda nyuma ya msikiti. Alijiambia anakwenda kuomba msamaha. Miguu yake ilijua anakwenda kufunua sufuria.

Mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa pembeni. Harufu ya ubani ilimpokea, na nyuma yake harufu nyingine, ya mgonjwa aliyelala miezi. Ubani ulikuwa unafukizwa kwa ajili hiyo tu, kuficha harufu ya yule mama mzee aliyejikunja kwenye godoro pembeni ya ukuta. Watoto walikuwa wamekwisha kuzunguka sinia. Msichana mwembamba mwenye shingo ya mama yake aliinuka kumpa mgeni nafasi, akasimama mikono nyuma. Huyo ndiye Soraya.

Fatuma alimwona. Kila kitu kilipita usoni mwake, kisha ikabaki heshima aliyofundishwa tangu utoto. "Karibu chakula, mama Elsa."

"Apana, nilikuja tu..."

Kwenye godoro, mama mzee alifumbua macho. "Ni nani huyo?"

"Bibi ya monsieur Emile, mama."

"Ataonja?"

Victorine alikaa chini. Alinawa. Fatuma alimega ugali, sehemu kubwa, akamsogezea, akamwekea mbele yake sombe. Victorine alichovya tonge, akatia mdomoni.

Haikuwa na mawese. Haikuwa na samaki, wala kitunguu, wala karanga. Ilikuwa majani ya muhogo, maji na chumvi, na hata chumvi ilikuwa ya kuhesabiwa. Yule aliyekaanga mikate ya mji mzima hakuwa na tone la mafuta kwenye chungu chake mwenyewe. Na sasa Victorine aliona jambo ambalo Emile lazima aliliona pia. Ile sehemu kubwa iliyosogezwa kwa mgeni ilitoka upande wa watoto. Mdogo kuliko wote, mwenye kamasi kavu, alikuwa akilitazama tonge la Victorine likitoka sahanini likienda mdomoni, na macho yake yalilifuata mpaka mwisho.

Hii ndiyo karamu aliyoionea wivu! Alitaka kusukuma sahani, lakini mama mzee alikuwa akimtazama kutoka kwenye godoro, akingoja. Akatia tonge la pili.

"Chumvi imekolea?" aliuliza mama mzee.

"Imekolea, mama," alisema Victorine. "Ni tamu."

Mama mzee akafumba macho, ameridhika.

Soraya alimsindikiza mpaka njiani, kama watoto waliolelewa vizuri wanavyofanya. "Mama," alisema, "monsieur Emile hatakuja tena?"

"Hatakuja."

"Alisema ataandika kwamba nibaki. Na mama mukubwa pale kwa godoro, nani atamugeuza, miye nikienda? Mama yangu anatoka na mikate tangu asubuhi."

Victorine alimshika bega, akaondoka. Alifika nyumbani, akapakua wali na samaki wa jana, akakaa mbele ya sahani. Akaitazama. Elsa alipomuuliza kama anaumwa, alisema hana tu njaa.

*

Jumatano iliyofuata alikuwa wa kwanza mlangoni. Safari hii hakuvaa kitenge cha Pasaka.

"Mama," alisema hakimu, "neno ukishalitia sahihi hapa, halirudi."

"Sikuja kulirudisha. Alikula, ni kweli. Nilikuja kuongeza ile nilisahau. Sikusema alikula nini." Na alieleza yote, tonge kwa tonge: majani, maji, chumvi, ubani, godoro, na macho ya yule mtoto mdogo. "Hakuna mutu anayenunuliwa kwa sahani ile, Mama Juge. Mutu akiila anabaki na deni."

Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Na weye, ulikula?"

"Nilikula."

"Juu ya nini?"

"Yule mama muzee alinitazama." Machozi yalikuwa yakimtoka sasa na hakuyazuia. "Na nilipofika kwangu, samaki ilinishinda. Kama bwana yangu."

Mama Juge alifunga daftari lake. Kisha akamwita Hervé achukue kofia yake wafuatane, na mchana huo Kasongo ikaona ajabu nyingine: hakimu mwenyewe anakwenda kwa miguu nyuma ya msikiti, chupa yake ya maji mkononi.

Yaliyotokea huko Victorine aliyapata kwa Hervé, ambaye katika mambo yasiyohusu mtoto hakuwa na kufuli mdomoni. Hakimu aliketi kwenye mkeka, akaongea na mama, akaongea na Soraya peke yake uani. Chakula kikaletwa. Akasema asante, hawezi, sheria inamkataza. Akaeleza vizuri, kwa upole, na kila mtu alielewa. Na mama mzee akageukia ukuta. Hakimu alimsemesha, akamsemesha tena, na mama mzee hakugeuka mpaka mgeni alipoondoka. Njiani, alisimulia Hervé, hakimu hakuyanywa hata maji yake.

Hukumu ilitoka wiki hiyo. Soraya atabaki kwa mama yake, na Jumamosi atawachotea maji watu wa yule binti aliyevunjika meno, mpaka shule zifunguliwe. Baba wa yule binti alinung'unika, kisha akakubali, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kwamba hakimu amekula mahali.

Lakini Emile alibaki na adhabu yake. Hakimu alimwita, akamwambia mbele ya karani: "Nimeenda, nimeona. Haiko kitu rahisi. Lakini leo ni sombe bila mafuta, kesho ni mbuzi muzima, na miye sitakuwa na njia ya kuvitofautisha. Huko Kabambare watakukaribisha kila siku. Tafuta neno la kukataa ambalo haliumizi. Miye sikulipata."

*

Siku matope yalipokauka, mwenye pikipiki alikuja kumchukua. Pale wanapopakia watu wa Kabambare palikuwa na umati wa kawaida: wachuuzi, mabidoni, kuku waliofungwa miguu, na wanawake waliomtambua Victorine wakaanza kusukumana viwiko. Emile alifunga begi lake nyuma ya kiti. Victorine alimpa wali na samaki aliowafunga kwenye majani ya ndizi, moto bado.

Usiku uliotangulia waliongea, si sana. Emile alisema hakumkasirikia kwa sababu ya kazi. Alikasirika kwamba baada ya miaka yao yote, mkewe aliiamini harufu ya shati kuliko yeye. Victorine alisema kweli, aliiamini. Ikaishia hapo.

"Utakula hii njiani," alisema sasa.

"Nitakula."

"Na kule, kwa wazazi wa watoto, wakikukaribisha?"

"Nitakataa."

"Kwa neno gani?"

Emile alikaza kamba ya begi. "Sijui. Nitasema sheria."

"Sheria! Mama Juge mwenyewe alisema sheria, na yule mama muzee alipata kidonda." Mwenye pikipiki alikwisha kuwasha mashine, na Victorine ilimbidi kupaza sauti. Alijua watu wanasikia. Alijua neno hili, likitoka, halitabaki Kasongo, litapanda pikipiki pamoja na mumewe mpaka Kabambare, na huko nako watoto watalijua jina lake kabla ya kumwona uso. Alipandisha kidevu. "Sema bibi yako iko na wivu!"

Viwiko vikaacha kusukumana.

"Sema ni mukali kama pilipili! Sema alikukataza kula kwa mukono ya mwanamuke mwengine, na ukila atakuja na miguu yake mwenyewe mpaka Kabambare! Waambie wamuulize mutu yeyote wa Kasongo!"

Umati ukalipuka kwa kicheko. Wachuuzi waliinamia mabidoni yao. Naomie, aliyekuja kusindikiza bila kualikwa, alishika mbavu. Emile alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ofisini uso wake ulifunguka, akacheka mpaka machozi. Kisha akaacha kucheka, maana aliona kwamba Victorine hakuwa akicheka.

"Mama Elsa," alisema. "Watakucheka huko pia."

"Wacheke. Wakicheka hawatageukia ukuta."

Ikawa hivyo. Kila aliporudi Emile alileta habari: kwamba kule Kabambare na vijiji vyake, akisema neno lile, wanaume humpiga begani wakasema pole ndugu yangu, wanawake hucheka na kuondoa sahani bila kinyongo, na vikongwe huuliza huyo bibi yake ni mrefu au mfupi. Hakuna aliyemhesabia dharau. Watoto walizungumza. Ripoti zake zilisomwa mahakamani, na kwa muda wote aliokaa huko Jumatano za Mama Juge zilipita bila mtu kulitaja jina lake.

Naye alirudi na njaa. Alikaa chini kabla hata ya kuvua viatu vyenye vumbi, akala ugali, akala samaki, akafyonza kichwa, akamwomba Elsa amletee tena. Sufuria nyingine, yenye mawese ya kutosha, ilikuwa imekwenda nyuma ya msikiti tangu kesi ilipokwisha, na Fatuma aliipokea bila maneno mengi, akairudisha imeoshwa, na mikate ndani.

Victorine alimtazama mumewe anavyokula, akaridhika mpaka vidole vya miguu. Kisha akaliokota shati lake la safari, akatoka nalo uani kwenye beseni la kufulia. Alitazama huku na huku kuona kama Naomie yupo. Kabla ya kulitia majini, alilinusa.